Bamama wa Liputa Moja

Sikukuu ya wanawake, pale mjini, bamama wote tulijifunga kiunoni liputa ya kitenge cha namna moja, tukitazama jukwaa. Katoto ka kike kakanishika liputa, kakainua uso, kakaangua kilio: sikuwa mama yake.

«Mama yako anavaa nini?» nikauliza, mie mujinga.

«Sawa weye.»

Nikakabeba juu. Nilitafuta uso unaofanana na kake mpaka macho yakachoka. Kenyewe kakanyamaza, kakatazama, halafu kakanyoosha kidole.

«Ule kule!»

«Umemujua namna gani?»

«Bote banaangalia mbele. Ule iko ananitafuta.»

Kweli, kichwa kimoja tu kilikuwa kinageuka huku na huku. Kila siku nasali nimuone Mungu, na sikuwahi kufikiri kwamba katika umati huu Yeye naye ananitafuta.