Kilima cha Pili kwenye Karatasi ya Binti Yangu

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, msidhani bibi yenu ana sayansi kichwani. Niliishia darasa la tatu. Lakini kazi ya umeme ndani ya maji nimeiona kwa macho yangu, juu ya meza yangu ya kulia chakula.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa Mwanza, minofu ikapanda ndege, sisi wanawake wa Kirumba tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Nilikuwa nayatia chumvi, nayaanika, nauza soko la Mwaloni. Babu yenu naye alikuwa amenunua televisheni ndogo inayotumia betri ya gari, na betri hiyo aliipenda kuliko shemeji zake wote.

Binti yangu wa mwisho akaja likizo kutoka chuo kikuu amenuna. Mwalimu wake alikuwa amemwambia wazi kwamba bila kukamilisha kazi yake ya kemia, mwaka wa tatu haingii. Akatandaza vitu mezani: chupa za jamu, vijiti viwili vyeusi alivyovitoa kwenye betri za tochi, mita ya umeme yenye sindano aliyoazima kwa fundi redio, na kitufe cha kuzungushia sauti cha redio mbovu. Halafu akaibeba betri ya baba yake.

"Mama watoto!" mzee akapiga kelele. "Huyu anataka kupika nini na betri yangu? Jumapili kuna mpira."

"Uwanja si ule pale? Tembea," nikamjibu.

Nikasimama nyuma ya binti nikamwuliza anafanya nini. Sipendi kitu kifanyike nyumbani kwangu nisikijue.

"Mama, kuna vitu huwezi kuvitengeneza mpaka uinyang'anye dawa chembe ndogo sana iliyo ndani yake. Wengine hunyang'anya kwa kumwaga dawa nyingine kali. Mimi natumia umeme. Kijiti hiki kinanyang'anya, kile kinairudisha upande wa pili. Humu kuna maji, spiriti, magadi safi ya chuoni ili umeme upate njia, na dawa yenye iodini. Nikifaulu unatoka unga wa njano, ule wa vidonda."

"Basi fungulia umeme wote, tuuone."

"Ah, Mama! Nguvu ikizidi, hata visivyotakiwa vinaanza kubadilika. Lazima nijue kwanza dawa inakubali kwenye nguvu ipi."

Hapo nikamwelewa. Uji wa ulezi nao ukiuwekea moto mkali unaungua chini huku juu mbichi. Akawa anazungusha kitufe kidogo kidogo, anasoma sindano, anatia nukta kwenye karatasi ya miraba. Nukta zikalala chini kama barabara ya Kisesa, halafu zikapanda kama kilima. "Hapo dawa imekubali," akasema.

Shida ni kwamba mbele ya kilima hicho kikaota kingine. Jumatatu kirefu, Jumanne kifupi, Jumatano kirefu tena. Mwalimu lazima angeuliza kimetoka wapi. Zilibaki siku tano arudi chuoni.

Akaanza kulaumu. Akalaumu vijiti, akabadilisha. Akalaumu kitufe. Mwisho akamgeukia baba yake: "Baba, umewasha televisheni nikiwa sokoni, umeichosha betri!"

"Mimi? Tangu Jumamosi natazama ukuta, mwanangu! Ukuta hauna hata matangazo!"

Akaketi, machozi yanamlenga. Mimi kulia mezani sikuruhusu. Nikamwambia, "Mimi nikipika mchuzi ukawa na chumvi nisiyoitia, naonja maji. Wewe maji yako bila dawa umeyapima?"

"Nilipima chuoni."

"Hapa si chuoni."

Akajaza chupa maji, magadi na spiriti, dawa akaiacha. Akazungusha kitufe. Kilima cha kwanza hakikuwepo. Cha pili kikapanda vilevile, bila haya.

Binti akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Mama, hizi chupa nani anaziosha?"

Kila asubuhi alipokuwa bado amelala, mimi nilikuwa nazisuuza kwenye karai la maji ya chumvi ya mapanki, nikijua chumvi inatakasa. Nilidhani namsaidia.

"Mimi," nikasema, "kwa maji ya chumvi." Kumbe chumvi iliyobaki chupani ndiyo iliyootesha kilima cha pili.

Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Nikamwacha acheke, ilikuwa haki yake. Mvua ilipokuja nikakinga maji safi kwenye chupa mpya ambayo sikuisuuza kwa kitu chochote. Kilima kikawa kimoja tu. Binti akaacha kitufe palepale penye kilima, chupa ndani ya sufuria ya maji vuguvugu, na baadaye chini ya kijiti zikaanza kushuka chembe za njano. Nyumba ikanuka hospitali, jirani akaja mbio kuuliza nani kaumia.

Alirudi chuoni na karatasi yake na unga wake, mwaka wa tatu akaingia. Kabla hajaondoka niliwakusanya wote, mzee akiwemo, nikawaamuru: karai la mapanki lisivuke mlango wa sebule, na humu ndani mtu asimlaumu mwenzake kabla hajapima maji matupu.