Siku Mume wa Bibi Alipoanza Shule

Kila Desemba huwa nawaita wazazi wenye watoto wa kuanza darasa la awali waje nao shuleni asubuhi moja, tuzoeane. Shule yetu iko kata ya Mtunda. Kutoka Kibiti ni karibu kwa bodaboda na mbali sana kwa miguu. Nawaeleza mambo ya kawaida: mtoto ajue kwenda chooni mwenyewe, avae kaptura bila kuingiza miguu yote miwili upande mmoja, na zaidi ya yote, tafadhalini, wasimtishe kwa jina langu. Hilo la mwisho hawalisikii. Kutwa wanawaambia watoto, "Lia tu, Januari mwalimu atakukomesha," halafu wanashangaa mtoto akiniona anamparamia mama yake kama mnazi. Subira sina, nakubali, lakini sijapata kumla mtoto wa mtu.

Watoto wa kwetu wana jambo jingine, nalo ni sauti. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia bondeni kulima mpunga, wakakaa huko kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, mpaka mavuno. Kutoka dungu moja hadi jingine watu huzungumza kwa kupayuka. Basi ukimwuliza mtoto jina lake, anakujibu kwa sauti ya kumfikia jirani ng'ambo ya mto, na mwalimu mkuu anafunga dirisha.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja kijana na mwanawe wa kiume. Nyuma yao alifuata bibi wa mtoto, mzaa mama, mjane mwembamba mwenye maneno yake. Nikamwinamia mtoto nikamwuliza amekuja na nani.

"Na mama!" akapayuka. "Na mke wangu!"

Wazazi wakaangua kicheko. Huku kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu. Ni utani wa tangu na tangu, na watoto huupokea wakicheka. Huyu hakuwa akicheka. Alizaliwa babu yake akiwa ameshafariki, akalelewa dunguni na bibi, na bibi katika kujiliwaza akamfanya mwenye nyumba: mnofu wa kambale ni wake, na ugomvi wowote yeye ndiye wa kuamua. Mtoto akaishika kazi kwa mikono miwili.

"Januari utakuja kusoma na sisi?" nikamwuliza.

"Siwezi. Nani atamfukuzia mke wangu nguruwe wa shambani?"

Hapo kila mtu alicheka ila mama yake. Alinivuta pembeni akaniambia kuwa msimu huu bibi angeshuka bondeni peke yake, mtoto abaki kijijini asome. Walishajaribu kuwatenganisha wiki iliyopita. Mtoto alitoroka kumfuata bondeni, wakamkuta na kifimbo chake kwenye kivuko, anayatazama maji apite wapi.

"Safari nyingine tutamwokota mtoni, mwalimu. Mwambie mama aache kumwita mume. Mimi hanisikii."

Nikamwendea bibi, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba utani ule auweke kando kidogo mpaka mtoto azoee shule.

"Niuweke kando, miye nibaki na nani kule?" akasema. "Na nguruwe?"

"Bibi, huyu ana miaka mitano."

"Najua, mwanangu. Nimeolewa na wakubwa kuliko huyu, wala hawakunifaa hivi."

Wazazi wakampigia makofi. Nimeshindwa mbele ya wazazi niliowaita mwenyewe! Nilikasirika, nikaongoza msafara kwenda kuwaonyesha watoto choo, na huko nilieleza kwa ukali ambao choo hakikustahili.

Tuliporudi darasani, bibi akasimama mbele ya mkeka wa watoto, akajifunga kanga yake vizuri, akamwita mjukuu wake.

"Mume wangu, miye nimechoka. Nimepata mchumba Ikwiriri. Ana mashine ya kukoboa mpunga, tena anasoma. Mfuko wa mbolea anausoma toka juu mpaka chini. Wewe unasoma?"

Mtoto alimtazama. Mdomo ulianza kumcheza.

"Sisomi."

"Basi. Nashuka bondeni peke yangu nikafikiri. Usinifuate. Ukijua kusoma, nitamkatalia. Usipojua, naolewa."

Mtoto akanigeukia. "Mwalimu, nikikaa leo, kesho nitajua?"

Nikamwambia kesho hapana.

"Keshokutwa?"

Akakaa mkekani, akakunja miguu, akasubiri kufundishwa. Watu waliondoka, yeye yuko palepale. Ilibidi mama yake amnyanyue mzimamzima, naye anapayuka kuwa wanamharibia nyumba yake.

Nilipotoka nje nikamkuta bibi kando ya pipa la maji, amejifunika uso na ncha ya kanga.

"Usinitazame, mwalimu," akasema. "Huyo mchumba ningekuwa naye kweli, ningelia?"

Januari, siku ya kufungua shule, mtoto yule alifika kabla ya mwenye ufunguo. Wenzake walilia, wawili walikimbia, mmoja aliniuma kidole. Yeye hakulia. Alitaka herufi tu, na kila jioni aliniuliza zimebaki ngapi. Hakutoroka hata mara moja. Mpunga ulipokuwa umeota vizuri alikuwa na marafiki, ana mpira wa makaratasi, ana ugomvi wake wa kawaida, na habari za mwenye mashine hakuziulizia tena. Nilifurahi mno. Nikamwambia mama yake, huku ndiko kuzoea.

Asubuhi moja bibi alipiga hodi mlangoni. Alikuwa ametoka bondeni na giza, tope mpaka magotini, amebeba mahindi mabichi kwenye kanga.

"Nimekuja kumwona mume wangu," akasema huku anacheka, "kama ameshajua kusoma."

Darasa zima likacheka naye. Mtoto aliwatazama wenzake, kisha akatazama mkeka. Nimewafundisha kusimama mgeni akiingia na kumwamkia, naye akasimama, mikono ameibana ubavuni.

"Shikamoo, bibi."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Kicheko bado kilikuwa usoni mwa bibi, hajui akiweke wapi.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaweka mahindi juu ya meza yangu, moja moja, akaniambia nimefundisha vizuri, kwa kweli nimefundisha vizuri sana. Kisha akaikung'uta kanga akashika njia ya bondeni. Iliniuma. Nilitoka mpaka mlangoni, kisha nikarudi kuwaambia watoto wakae.