Kitabu Alichonyang'anya Papa

Majuzi dari la shule ninayofundisha lilivuja, maji yakaingia ndani ya sanduku la vitabu. Nilipolifungua siku tatu baadaye, ikanipanda puani harufu ya karatasi iliyolowa na kukauka nusu: uyoga, gundi ya zamani, kabati lisilofunguliwa tangu mwaka jana. Wenzangu waliziba pua. Mimi niliinama nikavuta pumzi, na mara nikawa tena na miaka kumi na miwili, Kisangani, katika nyumba yetu ya Kabondo, nimekaa sakafuni nyuma ya mlango na riwaya mapajani.

Kwetu vitabu vyote vilinuka hivyo. Hewa ya pale ni nzito, nguo zinakauka kwa kubembelezwa, na kitabu kikikaa mwezi mmoja tu kinavimba kama mkate. Sikujali. Nilidhani hata wasichana wa ndani ya riwaya zile, wenye ngome zao na farasi zao, wananuka uyoga.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na papa, baba yangu. Mama alikuwa amerudi kwao Kindu na mdogo wangu ambaye bado alikuwa ananyonya. Niliambiwa amekwenda kumuuguza nyanya. Baadaye msafiri mmoja alituletea habari kwamba nyanya amepona na anauza mboga sokoni kama zamani, lakini mama hakurudi. Papa hakunieleza neno, nami sikuuliza. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kila mmoja wetu alinyamaza ndani ya chake.

Papa alikuwa karani katika stesheni ya ng'ambo ya mto, pale inapoanzia reli ya kwenda Ubundu. Kila asubuhi alivaa abacost, ile suti yake ya kijivu isiyovaliwa tai, iliyopauka mabegani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akashuka bandarini kuvuka kwa mtumbwi. Treni zilikuwa zimekuwa adimu miaka ile. Kuna majuma yaliyopita bila kusikika hata honi moja. Yeye alivuka vilevile, na jioni alirudi amechoka kama mtu aliyesukuma behewa peke yake. Tulikula lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki bila kuzungumza, kisha aliuliza, "Masomo?" nikajibu, "Mazuri, papa," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya siku.

Maneno mengine yote niliyapata kwa Asha.

Asha alikuwa mwanafunzi mwenzangu, binti wa ukoo wa Kiislamu wa zamani pale mjini, wale ambao mababu zao walikuja kutoka mashariki na misafara ya biashara. Tulikuwa tunasimama pamoja kila asubuhi kuimbia bendera na chama. Kaka yake alisoma Bujumbura, na kila likizo alileta riwaya za Kifaransa za vijana: falme zisizo kwenye ramani yoyote, uchawi, na watu wawili wanaopendana huku dunia nzima inawakataza. Asha mwenyewe hakupenda kusoma. Alipenda kuombwa. Akinipa kitabu aliniwekea sharti, kwamba Jumamosi, tukiwa kwenye salongo, ile kazi ya umma ya lazima, tunafagia uwanja wa shule, kiwe kimerudi mkononi mwake. Ukichelewa mara moja, basi, hupati tena.

Sikuwahi kuchelewa. Sijui niwaeleze vipi nilivyovipenda vitabu vile. Nilijua kusema ngome, kiapo na upanga kwa Kifaransa kabla sijajua kuuliza bei ya sukari kwa lugha hiyo. Nikienda kisimani nilizungumza na ndoo kwa sauti ya malkia. Bata dume wa jirani, aliyekuwa na kiburi na mguu mmoja mbovu, nilimpa cheo cha kapteni. Nikimaliza ukurasa wa mwisho nilikaa dakika nzima bila kusogea, kwa sababu nilijua nikisimama tu nitakuwa nimerudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu.

Kitabu ninachotaka kuwasimulia kilikuwa cha binti wa mfalme aliyeweza kuita ukungu. Alimpenda askari wa upande wa adui, na askari yule aliweza kumsikia sauti ndani ya ukungu tu. Kilikuwa kinene, mgongo wake umebanduka, na siku ya Jumatano nilikuwa nimefika katikati. Nilizama hata sikusikia viatu vya papa. Alikuwa amerudi mapema.

"Iko nini hii?"

Niliruka. "Ni kitabu, papa."

"Naona kama ni kitabu. Kitabu ya nini? Ya masomo?"

Alikichukua, akakifungua mahali popote, akasoma mistari michache huku nyusi zinapanda. Kwa bahati yangu mbaya ulikuwa ukurasa wa busu.

"Mwamini!" aliita jina langu. "Mutoto wa miaka kumi na mbili anasoma mambo ya bibi na bwana?"

"Papa, si yangu. Iko ya Asha. Jumamosi natakiwa kurudisha."

"Bon. Asha atakuja kuniomba yeye mwenyewe."

Akakitia ndani ya mkoba wake wa kazi, akafunga mikanda yake yote miwili. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilijua Asha hatakuja kuomba kitu, kwa kuwa kuomba haikuwa tabia yake. Angeacha tu kunipa vitabu, angesimama na msichana mwingine wakati wa bendera, na mimi ningebaki na bata.

Ijumaa, masomo yalipoisha, sikwenda nyumbani. Nilishuka hadi bandarini na kumwambia mwenye mtumbwi kwamba mimi ni mtoto wa karani wa reli, akanivusha bila maswali. Sikuwahi kuvuka peke yangu. Njia nzima nilipanga maneno. Nitapiga magoti, nitaahidi kuwa wa kwanza darasani, nitaahidi kutosoma tena, na hiyo ya mwisho nilijua ni uongo.

Stesheni ilikuwa kimya. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya reli. Kwenye kivuli cha ghala alikaa mlinzi mzee aliyenijua.

"Papa yako iko kule nyuma," aliniambia, akionyesha kwa kidevu. "Sasa ni saa yake ya kusoma. Tangu jana hata kula hali, donc usimushitue."

Nilizunguka jengo. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Papa alikaa mezani, amefungua vifungo vya shingoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya mbele ya watu. Kwanga yake, mkate wa muhogo, ilikuwa bado imefungwa kwenye majani. Kitabu cha Asha kilikuwa mbele yake, amekaribia mwisho, na alikuwa anasoma kwa midomo, taratibu, kidole chini ya mstari, kama mtoto wa darasa la pili. Akafika mahali akasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akavua miwani na kujifuta macho kwa mkono wa abacost.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningeita, "Papa," angegeuka.

Sikuita. Niwaambie ukweli, nilijaa hasira. Mnafiki, nilisema moyoni, mimi ananinyang'anya, kumbe anataka kusoma mwenyewe! Nikageuka, nikapita mbele ya mlinzi bila kumuaga, nikavuka mto nikiwa nimekunja uso hata mwenye mtumbwi akaniuliza nani amekufa.

Jumamosi asubuhi kitabu kilikuwa mezani, karibu na chai yangu. Mgongo ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya ofisi, umenyooka vizuri.

"Rudisha kitabu ya wenyewe," alisema papa bila kuniangalia. Kisha akaongeza, kama mtu anayejaribu kama sakafu itamshika, "Ule binti wa ukungu... wewe unaona alifanya vizuri kumufuata askari?"

"Sijui," nilisema. "Sijamaliza. Ulininyang'anya."

Alitikisa kichwa, akachukua kofia yake akatoka. Hakuniuliza tena. Asha alikikagua kitabu, akashangaa kilivyopona, akanipa kingine.

Likizo kubwa ilipofika, mama alituma neno kwamba niende Kindu. Papa alinivusha mwenyewe. Siku hiyo treni ilikuwepo. Alinitafutia nafasi dirishani, akanikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa anafika hadi Kindu kwa meli ya kutoka Ubundu, akaniagiza nimsalimie mama, nimsalimie mdogo wangu, nimsalimie nyanya. Treni ilipoanza kusogea alitembea nayo, akanipitishia dirishani kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa riwaya, mpya kabisa. Mpaka leo sijui aliipata wapi.

"Ukimaliza, mama," alisema, kwani hivyo ndivyo baba kwetu anavyomwita binti yake, "uniandikie inaisha namna gani. Umesikia? Uniandikie!"

"Ndiyo, papa!"

Niliimaliza kabla meli haijafika Kindu. Huko nilimkuta mdogo wangu anatembea, na mama anayecheka, na nyumba yenye kelele asubuhi hadi jioni. Likizo ikaisha, ikasemwa nibaki. Nilibaki. Sikumwandikia. Kila nilipokumbuka nilijiambia kwamba papa ni mtu mzima, Kifaransa anakijua, akitaka kujua mwisho wa kitabu atakitafuta akisome. Watoto wa umri ule huamini kwamba watu wakubwa wanauliza kile wanachouliza.

Leo nina binti anayesoma mbali na mimi. Juma lililopita, kwa kukosa neno lingine, nilimpigia simu nikamuuliza kama kule alipo mvua imenyesha.