Nukta Nyekundu Ndani ya Redio

Kuna miaka ambayo sikuweza kupita meza ya fundi wa redio bila kusimama. Nikiona redio kuukuu imelazwa pale, mkono uliniwasha. Mafundi wa Thika na Ruiru walinizoea, na wengine nadhani walinihesabu miongoni mwa watu walioguswa kichwa kidogo, lakini hawakuninyima bisibisi. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikaielekeza redio kwenye mwanga, nikatafuta nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Nilikuwa namtafuta mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kuunganisha redio pale Thika. Vipande vilitoka ng'ambo vikiwa ndani ya vifuko vidogo. Sisi wanawake tuliketi wawili wawili, kila meza watu wawili, na kila mmoja alishika kalamu ya moto ya kuyeyushia lehemu, ile risasi laini inayogandisha vipande kwenye bodi. Moshi wake ulinuka kama utomvu uliochomwa. Uliingia kwenye nywele na kwenye sweta, na jioni ukanifuata hadi chumba changu cha kupanga kule Witeithie. Niliuchukia sana moshi ule. Leo ningepanda gari niende popote kuunusa.

Aliyeketi kushoto kwangu alikuwa mwanamke Mwislamu wa Majengo, mkubwa kwangu kidogo, mjane mwenye binti mmoja shuleni. Tuliitana jirani. Asubuhi ilikuwa "Jirani, umeamkaje?" na jioni "Haya jirani, tuonane Mungu akipenda," na hapo katikati tulipiga domo mpaka supavaiza akakohoa.

Kila mtu pale alikuwa na alama yake. Ukimaliza bodi, ulidondosha nukta ya rangi ya kucha kwenye kona. Redio ikikataa kuongea kule kwenye majaribio, walitazama rangi na kuirudisha kwa mwenyewe, naye hakuruhusiwa kugusa bodi nyingine mpaka aitibu ile. Rangi yangu ilikuwa kahawia. Yake ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kupiga kelele, ingawa kucha zake mwenyewe zilikuwa tupu siku zote kwa sababu ya udhu.

"Sasa wewe unanunua rangi ya nini na hupaki?" nilimuuliza.

"Nitapaka saa ngapi na swala inaningoja? Wacha hizi redio zipendeze kwa niaba yangu."

Redio zake hazikuwa zinarudi. Zangu zilirudi kama ng'ombe jioni. Nilikuwa na haraka, na nilipenda kuongea kuliko kutazama mikono yangu. Kila moja iliporudi, jirani aliisogeza kwangu kwa heshima zote. "Hii imekuja kukusalimia, jirani. Ati imekumiss." Basi nikawa mtu wa kutibu. Nilijifunza kugonga bodi kwa kidole na kusikiliza, kufuata njia ya umeme mpaka pale ilipokatika. Yeye hakuyajua hayo. Angeyajulia wapi, na redio zake hazikuharibika?

Kisha asubuhi moja yakafunguliwa masanduku mapya, na ndani yake bodi zilikuwa zimeshawekwa lehemu. Zimemalizwa huko huko kwa mashine. Sisi tulibakiwa na kuweka spika, kuunganisha waya chache na kufunga skrubu.

Tulipiga makofi! Nasema ukweli wa Mungu, tulishangilia. "Woi Ngai, tumepumzika," mama mmoja wa meza ya mbele alisema, akainua mikono juu kumshukuru Mungu. Jirani yangu ndiye aliyefurahi kutushinda wote, kwa sababu moshi ulikuwa umeanza kumla macho. Mchana yalimtoka machozi na usiku yalimkereketa kama yana mchanga. Kesho yake alikuja na beseni la mandazi yenye iliki, akazunguka meza kwa meza akigawa, na supavaiza akala kama sisi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwamba, kama kazi yetu imefika ikiwa imefanywa, sisi tumekuja kufanya nini. Tulikuwa watu waliochoka, tukapewa mapumziko. Nikikumbuka mandazi yale huwa nakasirika, na sijui hasira niielekeze kwa nani.

Haikupita miezi mingi tukaitwa kantini. Meneja alizungumza kwa upole, hilo sitamnyima. Alisema soko limefunguliwa, redio kutoka nje zinaingia tayari zikiwa nzima na zinauzwa rahisi kuliko zetu, na kiwanda hakiwezi kulipa mikono mingi kwa kazi kidogo. Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu, maana mtu akikulaumu unaweza kumjibu. Mwisho akasema watu watapunguzwa, na kila meza atabaki mmoja.

Tulirudi mezani, mimi na jirani yangu. Mimi nilikuwa na mama yangu kijijini Gatuanyaga, shamba lake lilikuwa vumbi tupu na mbuzi wachache, na alichokula kilitoka kwangu. Yeye alikuwa na binti. Nilitaka kubaki. Nilitaka naye abaki. Meza ilikuwa moja.

Lakini moyoni nilijua, na kiwanda kizima kilijua, kwamba ni yeye atakayebaki. Nani angemtoa mtu ambaye kazi yake hairudi? Nilishaanza kufunga kikombe changu kwenye leso.

Supavaiza alipofika kwetu alinielekeza mimi kidole. "Wewe unabaki."

"Mimi?"

"Hizi bodi za mashine zinakuja na makosa yake. Tunataka watu wa kutafuta makosa. Wewe umezoea."

"Na mimi?" jirani aliuliza.

Supavaiza alitazama viatu vyake. "Mama, kazi yako ilikuwa safi. Lakini hiyo kazi siku hizi inafanywa huko."

Jirani alicheka. Alicheka kweli, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Yaani jirani! Kumbe redio zako zilikuwa zinarudi kukutafutia kazi!" Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Halafu kicheko chake kikakatika, akanishika mkono, tukakaa hivyo. Alipoinuka aliniachia kichupa chake cha rangi nyekundu. "Shika. Mimi sina tena mahali pa kupaka."

Tangu siku ile niliiacha rangi yangu ya kahawia. Kila bodi niliyoitibu na kuipitisha niliiwekea nukta yake nyekundu. Nilitaka kitu chake kiendelee kutoka kwenye lango la kiwanda kila siku. Jumapili moja nilienda Majengo kumwona, nikakuta chumba kina mpangaji mwingine. Mmoja wa majirani alisema amehamia kwa ndugu zake Isiolo, mwingine akakataa, akasema ni Garissa. Simu hatukuwa nazo. Na mimi sikuwahi kumuuliza jina la ukoo wake, kwa vile alikuwa hapo kushoto kila siku.

Zamu yangu ilifika pia. Redio zilianza kuja nzima kwenye katoni, sisi tukabandika karatasi za jina tu, kisha hata karatasi zikaja zimebandikwa. Nikatoka, nikafungua kibanda cha mboga Ruiru. Hapo ndipo nilipoanza ule ugonjwa wa kufungua redio za watu.

Nukta nyekundu ya kwanza niliiona kwa fundi mmoja wa Ruiru, karibu na kibanda changu, na moyo uliniruka. Nikaisogeza kwenye jua. Lehemu ilikuwa ya mashine. Basi nukta ilikuwa yangu, niliyoiweka mimi baada ya yeye kwenda. Bodi zake yeye zilichomwa kwa mkono. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Zile za kahawia za zamani nilizikuta tele, zimejaa aibu zangu zote. Yake sikuiona hata moja.

"Sizioni," nilimwambia fundi siku moja, karibu nilie. "Alitengeneza redio chungu nzima. Zimeenda wapi?"

Fundi aliendelea kukaza skrubu. "Mathe, si ulisema za huyo rafiki yako zilikuwa haziharibiki?"

"Eeh."

"Sasa unamtafuta kwa fundi ya nini?"

Nilimrudishia bisibisi yake. Nilipofunga kibanda jioni ile nilipita njia ya nyuma, na kwenye nyumba moja yenye ua wa miiba ya kei-apo redio ilikuwa inasoma habari. Sauti ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Nilisimama nje ya ua wa watu na kikapu changu, nikasikiliza mpaka mwenye nyumba akatoka.

"Habari, mama. Unatafuta nani?"

"Jirani," nikasema.