Mistari Myekundu ya Buyenzi

Mimi na foleni hatupatani. Ijumaa nilisimama kwenye duka la dawa mtaani Buyenzi, nimembeba mgongoni mjukuu mwenye homa, huku dada mmoja fundi wa kompyuta akimwekea mwenye duka programu mpya ya kukokotoa dozi.

"Majaribio yote yamepita, si tuanze?" mwenye duka alihimiza, sala ikikaribia.

"Apana, baba." Dada alipitisha kidole kwenye skrini, juu ya mistari ya programu iliyokuwa myekundu. "Hii, hakuna jaribio lililoigusa."

"Ni ya nini?"

"Dozi ya mutoto."

Akaandika jaribio jipya, akaweka kilo za mtoto. Ikatoka dozi ya mtu mzima.

Mwenye duka akachukua kalamu, akapiga mwenyewe hesabu ya dozi ya mjukuu wangu, akanipa dawa. Mjukuu alipona. Siku hizi foleni ikikwama, nasubiri nimefunga mdomo.