Niliambiwa nifike "ku sirene" kwa baba mkwe, nikaenda kuisubiri kwenye kiwanda kilichokufa

Habari za majukumu, wakuu. Hili ni langu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nikitia chumvi mke wangu atanisuta hapa hapa, maana na yeye ni member.

Mimi ni mtu wa Uvira, nilishuka Kalemie na boti kuuza ndagala, yaani dagaa. Huko nikampenda Furaha.

Kabla ndugu zangu hawajaja kupiga hodi rasmi, baba yake akataka kuniona peke yangu. Mzee alifuma nguo miaka mingi kwenye kile kiwanda ambacho leo ni cha popo na magugu. Akanipigia simu:

"Ukuje kesho asubui ku sirene. Muntu wa kuchelewa siwezi kumupa mutoto wangu."

Nikaitika "Ndiyo, Papa" kwa adabu zote. Kuuliza niliona aibu, nisionekane mshamba.

Alfajiri nimeshavaa shati jeupe, nimekaa kitandani nategea king'ora cha kiwanda, maana nilidhani bado wanakipiga. Kimya.

Nikasema labda chumba changu kiko mbali. Nikapanda pikipiki hadi getini kwa kiwanda, ili kikilia tu nitimue mbio. (Msinicheke, nilikuwa nimependa.)

Nikasimama pale mbele ya geti, kwenye reli iliyoota majani, jua linapanda. Mlinzi, mzee mmoja mpole, akanitazama weee, mwisho akauliza nangoja nini.

"Nangojea sirene, Papa."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sirene ilikufa zamani, mutoto yangu! Kwetu hapa, ku sirene njo saa moja."

Natazama saa: saa tatu. Wakuu! Nilijua Furaha ndiyo basi tena.

Mlinzi aliposikia naenda kwa nani, akanivuta ndani. Mashine hakuna, paa limetoboka, lakini ukutani kuna majina ya wafumaji kwa rangi nyeupe. La baba mkwe ni la tatu. Nikalipiga picha, nikakimbia.

Nikamkuta mzee barazani kakunja uso. Furaha yuko mlangoni anafuta machozi.

Nikamweleza nilikokuwa nasubiri, nikampa simu aone.

Akaitazama ile picha muda mrefu. Hajakanyaga kule tangu walipofunga.

"Jina yangu ingali iko," akasema polepole. Mara akaangua kicheko. "Mama Furaha, kuja uone! Huyu njo wa kwanza kufika ku kazi tangu walifunga!"

Halafu akasimama, akaweka viganja mdomoni:

"Huuuuuuuuu!"

Kuku wakatawanyika. Majirani wakachungulia.

"Sasa njo imelia," akasema. "Haujachelewa. Ingia."

Nilichojifunza: kuuliza si ujinga, na ukienda ugenini kwanza ujue saa zao.

Kwenu kuna kitu gani kilichokufa ambacho watu bado wanakitumia kupanga muda? Mwageni hapa, nitasoma baadaye. Mzee ameshalia "Huuuuu" yake huko nje, chakula kiko tayari.