Sauti Niliyoifuta kwenye Kanda ya Shangazi

Sitaki uniamini kwa maneno matupu. Njoo huku mjini Ibra, Oman, uninong'oneze kwenye sikio la kushoto, uone kama nitakujibu. Sikio hilo lilikufa Ijumaa moja baada ya sala, mchana kweupe, na aliyeliua hakuwa binadamu. Nimenyamaza mwaka mzima kwa sababu watu wangu ni wepesi wa kucheka. Sasa wacheke.

Kwa kazi mimi ni karani, lakini sifa yangu iko kwenye filamu za zamani. Nazisafisha. Nikiziona diski zinazouzwa siku hizi damu hunichemka: nyuso zimelainishwa mpaka mwigizaji anafanana na sabuni, na mvumo wa filamu chakavu umekatwa kwa pupa hadi watu wanasikika kama wamo ndani ya pipa. Mimi naondoa mkwaruzo mmoja mmoja, na kiburi ninacho, sikufichi.

Shangazi Zuwena, dada wa baba yangu, anaishi peke yake hapa hapa Ibra. Alikuja Oman kutoka Unguja akiwa msichana, na sasa macho yanamwisha. Alinipa kanda ya video ya filamu ya Kihindi, ya nyeusi na nyeupe, waliyokuwa wakiitazama yeye na marehemu mumewe, Maalim Hilal.

"Nisafishie picha, ya waladi, mwanangu, nizione nyuso za waigizaji kabla macho hayajanikimbia. Sauti usiiguse."

"Kwa nini, shangazi?"

"Usiiguse, bas."

Nilipofika kwangu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Penye mapigano ya sokoni, dakika tatu hivi, sauti ya filamu ilikuwa imefutwa, na juu yake Maalim Hilal anasoma Ayatul Kursi, anairudia na kuirudia. Nikacheka. Nyumba zetu nyingi zilifanya hivyo. Babu yangu mwenyewe alikuwa akirekodi kisomo juu ya nyimbo za kukata viuno, ili sisi watoto tusiharibike. Lakini pale hapakuwa na nyimbo wala viuno, palikuwa na wanaume wanatwangana ngumi. Mbona sikujiuliza? Kiburi, nakwambia.

Nikatafuta diski ya filamu ile ile, nikachukua sauti yake, nikaisafisha na kuibandika mahali pa kisomo. Nikaona na jambo jingine. Kwenye kanda, nyuma ya magunia, amesimama mtu mrefu aliyeipa kamera mgongo. Kwenye diski hayupo. Mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi kwamba nimepata nakala adimu, nikamsafisha yule mtu mpaka nyuzi za shati lake zikahesabika.

Ijumaa hiyo nikafunga mapazia sebuleni kwa shangazi na kupanga spika mbili kubwa. Akasogea karibu na televisheni, amefurahi kama bibi harusi. "Mashallah, hata hereni ya yule binti naiona!" Kisha mapigano yakaanza. Aliposikia ngumi badala ya mumewe, akanikamata mkono.

"Umefanya nini? Zima! Zima, wallahi atatuua!"

Yule wa nyuma ya magunia akageuka. Akapita katikati ya wapiganaji, akaja mbele mpaka uso wake ukakijaza kioo. Nikasikia kofi. Hapa nisikilize vizuri: nililisikia kwanza, likanifika baadaye, kama filamu ambayo sauti imetangulia picha. Sikio likapasuka kwa ndani.

Alikuwa amesimama juu ya zulia jekundu la shangazi, na yeye hana rangi, kijivu kitupu. Alinipiga teke, nikazisikia mbavu zikivunjika kabla sijaumia. Akanishika nywele na kunigonga uso kwenye meza ya kahawa mara tatu, meno mawili yakabaki mezani. Damu yangu ikishaingia mikononi mwake ilikuwa nyeusi. Nilijikojolea. Siwezi kukudanganya.

Kisha akamwendea shangazi. Akambana koo ukutani hadi miguu yake ikaacha sakafu.

"Hilal yuko wapi?" aliuliza, na midomo yake ikacheza baada ya maneno kwisha.

Shangazi alikuwa akisoma aya kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Mkono wa yule mtu ukalegea kidogo, haukuachia. Mimi taya lilikuwa limeteguka, nikijaribu kusoma natema damu tu. Nikatambaa hadi kwenye mfuko wangu, nikaitoa kanda yenyewe niliyokuja kuirudisha, nikaisukuma ndani ya mashine ya zamani ya shangazi chini ya televisheni na kubonyeza. Ilikuwa imesimama penye kisomo, kipande nilichokinakili mwisho. Ukaja mvumo, ikaja mikwaruzo, halafu Maalim Hilal akaanza kusoma. Yule mtu akapiga ukelele, akamwachia shangazi, akaingia ukutani na kupotea. Kwenye kanda hakurudi. Nyuma ya magunia sasa hapana mtu.

Hospitali tulisema tumeanguka ngazini. Baadaye shangazi akanieleza kuwa kitu kile kilitoka kwenye mapigano yale zamani, kikampiga Maalim miezi mingi, mpaka Maalim akakifunga humo humo kwenye kanda kwa kisomo chake. Kiliweka ahadi mbele ya sauti yake, na sauti hiyo tu, ya kanda ile ile, ndiyo kinayoitii.

Tangu hapo yule mtu huja kila adhuhuri na kugonga mlango wa shangazi. Tunaicheza kanda, anaondoka. Utasema, si unakili? Nilitoa nakala bora kuliko zote nilizopata kuzitengeneza, na mvumo wake wote. Siku tulipoijaribu alimvunja shangazi kiganja kabla sijawahi kuirudisha kanda yenyewe. Na kanda, kila ikichezwa, inalika. Mvumo unapanda, sauti ya Maalim inazama. Juzi maneno mawili hayakusikika kabisa, na bawaba moja ya mlango ikang'oka.

Basi wewe uliye na kanda za wazee kabatini, wakikwambia usiguse, usiguse. Usijitie fundi. Unachokiona uchafu, hujui kimewekwa kuzuia nini.

Shangazi hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Hukaa karibu na spika akitabasamu kwa kumsikia mumewe. Leo ameniuliza kanda itahimili siku ngapi. Nikamwambia nyingi, inshallah. Nimemdanganya.